Kinyoya na wenye kura

Fainali ya Thomas Cup ya mwaka 1967 haijamalizika mpaka leo. Ilichezwa mwezi Juni katika ukumbi wa Senayan, Jakarta, kati ya Indonesia, waliokuwa wakilishikilia kombe hilo la badminton la timu za wanaume, na Malaysia, waliokuwa wakilitaka lirudi kwao. Enzi hizo fainali ilikuwa na mechi tisa. Malaysia walikuwa mbele 4-3, na katika mechi ya nane, ya wawili wawili, Tan Yee Khan na Ng Boon Bee walichukua seti ya kwanza kirahisi na kuongoza ya pili. Hapo mashabiki wakaamua kuingia mchezoni kwa namna yao. Kelele, mbinja, miale ya kamera usoni mwa mgeni kila alipotaka kuanzisha. Wageni wakavurugika, seti ya pili ikaenda kwa wenyeji, na refa mkuu akasimamisha mechi.

Refa huyo aliitwa Herbert Scheele, Mwingereza, ambaye pia alikuwa katibu wa Shirikisho la Kimataifa la Badminton. Kwa maneno mengine, aliyepuliza kipenga ndiye aliyekuwa akitunza mafaili. Shirikisho likaamua mechi zilizobaki zikachezwe New Zealand. Indonesia wakagoma: watoke Jakarta, wavuke bahari hadi nchi ambayo haikuhusika kabisa, ili wakamalize seti moja na mechi moja? Malaysia wakapewa ushindi wa mezani, 6-3.

Uamuzi ule ulikuwa na hoja, kwa kuwa mchezaji hawezi kucheza huku akipigwa mwanga wa kamera machoni. Ila tazama picha nzima. Walioutoa walikuwa wanaume wachache waliokutana Uingereza. Walioumia na walionufaika, wote walikuwa Waasia. Kisa cha utawala wa mpira wa vinyoya kwa karibu karne nzima kimo katika sentensi hizo mbili.

Mchezo wenyewe ulichukua jina la jumba la Duke wa Beaufort huko Gloucestershire, lakini kanuni zake za mwanzo zilipikwa India, mjini Poona, na maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakitafuta cha kufanya jioni. Mashindano ya All England yalianza mwaka 1899, na kwa muda mrefu bingwa wa All England ndiye aliyehesabiwa bingwa wa dunia, maana hakukuwa na mengine ya kuyazidi. Julai 1934 likaundwa shirikisho la kimataifa, likiwa na wanachama tisa: Uingereza, Uskoti, Welisi, Ayalandi, Denmark, Ufaransa, Uholanzi, Kanada na New Zealand. Hesabu tena. Hakuna hata nchi moja ya Asia.

Rais wa kwanza alikuwa Sir George Thomas, mtu wa vipaji vya kuudhi. Alitwaa mataji 21 ya All England, akawa bingwa wa sataranji wa Uingereza mara mbili, na katika mashindano ya Hastings ya 1934-35 akawafunga magwiji Capablanca na Botvinnik, wote wawili, jambo ambalo wachezaji wa sataranji wa maisha yao yote wangeliuza nyumba walipate. Mwaka 1939 alitoa wazo la kombe la mataifa, vita vikalichelewesha, na fainali ya kwanza ikachezwa Preston mwaka 1949. Malaya, ambayo bado ilikuwa chini ya Waingereza, ikaizaba Denmark 8-1.

Kuanzia siku hiyo mpaka mwaka 2014, kombe la Sir George lilichukuliwa na nchi tatu tu: Malaysia, Indonesia na China. Miaka 65! Uingereza iliyoandika kanuni haijawahi kuligusa. Wanawake nao walipata Uber Cup mwaka 1957, lililotokana na wazo la Betty Uber, mchezaji wa Uingereza. Marekani wakalichukua mara tatu mfululizo, kisha nalo likahamia Asia, na huko limebaki.

Nchi yenye hadithi nzito zaidi kwenye orodha hiyo ni China, na hadithi hiyo inapita Dar es Salaam.

Katika miaka ya 1950 na 1960, vijana wenye asili ya Kichina waliozaliwa Indonesia walianza kuhamia China. Mmoja wao, Wang Wenjiao, alikwenda mwaka 1954 na kuanza kufundisha mchezo ambao huko haukujulikana sana. Waliomfuata ni Tang Xianhu na Hou Jiachang. Mwaka 1965 timu ya China ilizunguka Ulaya, na Tang akamfunga Erland Kops, Mdenmark aliyekuwa amejaza kabati kwa mataji ya All England. Seti moja iliisha 15-0. Wazungu walioshuhudia walirudi nyumbani wakijua kwamba bingwa wao hakuwa bingwa wa dunia. Lakini China haikuwa mwanachama wa shirikisho. Tang na Hou wakacheza ujana wao wote bila Thomas Cup na bila All England, wakizeeka polepole mbele ya wachezaji ambao wao ndio waliwazidi.

Kikwazo kilikuwa Taiwan. Shirikisho lilikuwa na Taiwan ndani, na Beijing haikuwa tayari kuketi meza moja nayo kwa masharti yale. Juu ya hapo kulikuwa na manung'uniko kuhusu kura: nchi za Asia na Afrika ziliona wakongwe wa Ulaya wana sauti kubwa kuliko haki yao. Mwaka 1977 mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Mwezi Mei, shirikisho likafanya mashindano yake ya kwanza ya dunia mjini Malmö, Sweden. Mwezi Agosti, wajumbe wa nchi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, wakakutana Dar es Salaam na kuunda shirikisho la badminton la bara hili, ambalo leo linaitwa Badminton Confederation of Africa.

Turudi katika hali ya hewa ya wakati ule. Mwaka mmoja tu nyuma, nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilikuwa zimeisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, ilikuwa mpya. Hakuna aliyedhani kwamba michezo na siasa ni vyumba viwili tofauti. Kwa hiyo Februari 1978, lilipozaliwa shirikisho pinzani mjini Hong Kong, likiibeba China, halikuwa la Waasia peke yao. Nchi za Afrika zilikuwamo.

Kwa miaka mitatu dunia ya kinyoya ikawa na serikali mbili. Shirikisho jipya likafanya mashindano yake ya dunia Bangkok mwaka 1978 na mengine Hangzhou, China, mwaka 1979. La zamani likafanya yake Jakarta mwaka 1980, na Rudy Hartono, mtu aliyechukua All England mara nane, akapata hatimaye taji la dunia akiwa nyumbani. Mabingwa wakawa wengi kuliko ubingwa. Kilichowarudisha mezani, naamini, si upendo. Wote walikuwa wakiitazama Olimpiki, na kamati ya Olimpiki haipokei mchezo wenye wazazi wawili wanaogombana. Mei 1981 wakaungana, China ikaingia, na Taiwan ikabaki kwa jina la Chinese Taipei.

Mwaka uliofuata China ikacheza Thomas Cup kwa mara ya kwanza. Fainali London, dhidi ya Indonesia. Siku ya kwanza China walikuwa nyuma 3-1. Siku ya pili wakapindua na kushinda 5-4. Kocha wao alikuwa yuleyule Wang Wenjiao, mzaliwa wa Solo, Indonesia, aliyeondoka miaka 28 kabla. Wasomaji wanaopenda kusema michezo haina kumbukumbu waitafute mechi ile.

Baada ya hapo milango ilifunguka haraka. Mskoti Craig Reedie, rais wa shirikisho lililoungana, aliipeleka hoja kwa kamati ya Olimpiki, na mwaka 1985 ikakubaliwa kwamba badminton iingie rasmi Barcelona 1992. Huko Susi Susanti akaipatia Indonesia medali ya dhahabu ya kwanza katika historia yake ya Olimpiki, na siku hiyohiyo Alan Budikusuma, mchumba wake, akaongeza ya pili. Indonesia ilikuwa imeshiriki Olimpiki tangu 1952. Ilibidi mchezo wao uingizwe ndipo wapate dhahabu, na ukiijua historia ya 1967 unaweza kukisia utamu wake.

Makao makuu nayo yakahama. Kwa miongo mingi ofisi ilikuwa Gloucestershire, mwendo mfupi kutoka lile jumba lenye jina. Oktoba 2005 ikafungwa na kupelekwa Kuala Lumpur, na mwaka uliofuata shirikisho likabadili jina kuwa Badminton World Federation, BWF. Mchina Lu Shengrong alikuwa tayari ameliongoza kuanzia 1993, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Baadaye alikuja Mdenmark Poul-Erik Høyer, bingwa wa Olimpiki wa 1996, aliyekaa miaka 12. Aprili 2025 kiti kikaenda kwa Patama Leeswadtrakul wa Thailand.

Kalenda ya leo imejaa mpaka kingo. Thomas na Uber Cup huchezwa miaka ya shufwa, Sudirman Cup, kombe la timu mchanganyiko lililoanza Jakarta mwaka 1989, miaka ya witiri. Mashindano ya dunia ya mchezaji mmoja mmoja na wawili wawili hufanyika kila mwaka isipokuwa wa Olimpiki. Katikati kuna mfululizo unaoitwa World Tour, uliopangwa kwa madaraja tangu 2018. Daraja la juu, Super 1000, lina mashindano manne: Malaysia, All England, Indonesia na China. Chini yake kuna 750, 500, 300 na 100, na Desemba nane bora wa kila fani hukutana kumaliza mwaka. Ni mengi kupita kiasi. Wachezaji wakubwa hulalamika kila msimu kuhusu magoti na ndege, na majibu hayabadiliki: televisheni inataka, na wadhamini wanataka.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wanaopanga mashindano huwa hawaonekani mpaka mambo yaharibike, na hayajawahi kuharibika kama yalivyoharibika London tarehe 31 Julai 2012.

Kwa Olimpiki ile, BWF iliamua kuanza na makundi badala ya mtoano wa moja kwa moja. Nia ilikuwa njema: mtu aliyesafiri kutoka mbali acheze zaidi ya mechi moja kabla ya kufungasha. Lakini katika wanawake wawili wawili, njia ya robo fainali ilikuwa imechorwa mapema. Kila mtu alijua mshindi wa kundi hili atakutana na nani, na wa pili atakutana na nani. Asubuhi ile Wadenmark Kamilla Rytter Juhl na Christinna Pedersen wakawashangaza Wachina Tian Qing na Zhao Yunlei, ambao wakashika nafasi ya pili katika kundi lao. Jioni walikuwa wacheze Wachina wengine, Wang Xiaoli na Yu Yang, namba moja duniani, dhidi ya Wakorea Jung Kyung-eun na Kim Ha-na. Wote wameshafuzu. Piga hesabu: Wang na Yu wakishinda, watakutana na wenzao kwenye nusu fainali. Wakishindwa, watakutana nao fainali, na China itabeba dhahabu na fedha.

Wakaanza kushindwa. Walianzisha kinyoya kwenye wavu makusudi. Walipiga nje bila aibu. Wakorea walipong'amua, nao wakaanza kushindana kushindwa. Mpigano mrefu kuliko yote katika seti ya kwanza ulikuwa wa mapigo manne. Ukumbi wa Wembley ukazomea, refa akashuka kuonya, wakaendelea. Baadaye jioni ileile Wakorea wengine, Ha Jung-eun na Kim Min-jung, na Waindonesia Greysia Polii na Meiliana Jauhari, wakarudia mchezo uleule kwa sababu ileile: aliyeongoza kundi lao angewakuta Wang na Yu mapema.

Kesho yake jozi zote nne, watu wanane, wakafukuzwa Olimpiki kwa kosa la kutotumia juhudi zao zote kushinda. Walioingia badala yao robo fainali ni pamoja na Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini. Wakatolewa hapohapo, lakini jina la Afrika liliandikwa mahali ambapo halikuwa limewahi kufika. Na dhahabu? Tian na Zhao, waliopoteza asubuhi ile kihalali.

Sina huruma na waliotia kinyoya wavuni makusudi. Watu walilipa nauli na viingilio. Lakini kosa lile lilikuwa na wazazi wawili, na mmoja tu ndiye aliyeadhibiwa. Ratiba inayompa mtu zawadi kwa kushindwa ni ratiba iliyokosewa, na wapenda soka wa umri fulani walilijua hilo tangu Ujerumani Magharibi na Austria zilipopasiana mpira pale Gijón mwaka 1982. FIFA baada ya Gijón ilifanya mechi za mwisho za kundi zichezwe kwa wakati mmoja. BWF ilikuwa na miaka 30 ya kujifunza. Baada ya London ilibadili utaratibu: walioshika nafasi ya pili katika makundi ya wawili wawili sasa hupangwa kwa droo ya pili, baada ya makundi kwisha, ili asiwepo wa kukokotoa. Dawa rahisi namna hiyo. Ingeliandikwa mapema, wanawake wanane wangebaki na Olimpiki yao.

Mmoja wao aliipata baadaye. Greysia Polii aliendelea kucheza, akabadili wenzake, akakaribia kustaafu, kisha akapewa mwenza mpya, binti aitwaye Apriyani Rahayu, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Agosti 2021 mjini Tokyo, bila kupangwa miongoni mwa vinara, wakawafunga Wachina Chen Qingchen na Jia Yifan katika fainali, 21-19, 21-15. Hata kanuni mbovu haikuweza kumzuia, lakini miaka tisa ni mirefu kwa mchezaji.

Vita vya sasa ni vya hesabu ya pointi. Tangu 2006 seti huisha kwa 21 na kila mpigano una pointi, awe ameanzisha nani. Kabla ya hapo kwa kawaida ilikuwa 15 na aliyeanzisha tu ndiye aliyepata. Wakubwa wa BWF wamekuwa wakitaka seti fupi zaidi, kwa hoja ya televisheni. Mwaka 2018 walipendekeza seti tano za pointi 11, wakashindwa. Mwaka 2021 pendekezo hilo likarudi na kupata asilimia 66.31 ya kura. Lilihitaji theluthi mbili. Piga hesabu mwenyewe uone lilikosa nini! Mwaka 2025 yakaanza majaribio ya seti tatu za pointi 15. Wachezaji wanaotegemea pumzi na uvumilivu hawafurahii, na mimi niko upande wao: mechi ya dakika 80 ambayo mtu anatambaa kwenye sakafu yenye jasho ndiyo inayouza tiketi, si ile inayokwisha kabla ya chai kupoa.

Pengo lile la 2021 linatukumbusha kwamba kura ndogo ni kura. Katika BWF si kila nchi ina kura sawa. Wanachama ni karibu 200, na nchi inaweza kuwa na moja au zaidi, mpaka tano, kulingana na idadi ya wachezaji, kushiriki mashindano makubwa na kuyaandaa. Malalamiko ya 1977 hayajafa, yamevaa suti mpya. Mwenye kumbi nyingi ana sauti nyingi.

Na sisi je? Olimpiki inahifadhi nafasi kwa kila bara, hivyo Mwafrika huwa hakosi. Lakini nafasi hutokana na viwango vya dunia, na viwango hutokana na pointi za mashindano ya mwaka mzima, na pointi hutokana na nauli. Mchezaji wa Kampala au Nairobi anayetaka kupanda ni lazima azunguke Lagos, Lusaka, Cairo na Port Louis, mara nyingi kwa fedha za mzazi au za mdhamini aliyebembelezwa. Mashindano ya Uganda International yanaleta pointi nyumbani, lakini yanaleta pia Wahindi na Wazungu vijana wanaojua kwamba pointi za Kampala ni rahisi kuliko za Copenhagen. Wakishinda, huondoka nazo. Hakuna wa kulaumiwa, kanuni inaruhusu.

Kinyoya chenyewe ni kodi nyingine. Kile cha mashindano kina manyoya 16 ya bata au bata bukini juu ya kizibo, uzito gramu tano hivi, na mechi moja ya wakubwa hula vinyoya kwa wingi. Klabu nyingi za pwani na bara, hasa zile za kumbi za jumuiya za Wahindi ambako mchezo huu umeishi kwa vizazi, hufanyia mazoezi vya nailoni ili vile vya manyoya vibaki kwa Jumapili. Kinyoya cha nailoni hakirudi chini kama cha manyoya. Mtoto anayekua nacho hujifunza muda usio wake.

Hata hivyo Uganda wamefika mbali kuliko wengi wetu tunavyojua. Februari 2022 ukumbi wa Lugogo, Kampala, ulipokea mashindano ya Afrika. Mwaka 2024 wanawake wa Uganda walikuwa Chengdu, China, kwenye fainali za Uber Cup, katika kundi moja na Indonesia, Japani na Hong Kong. Hakuna aliyetarajia miujiza. Miezi michache baadaye, kwenye Paralimpiki ya Paris, Eniola Bolaji wa Nigeria akashinda shaba, medali ya kwanza ya Afrika katika badminton ya Paralimpiki. Kampala ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo barani kuandaa mashindano ya kimataifa ya wachezaji wenye ulemavu, na pointi zilizopatikana pale zilisaidia Waafrika wengi kuanza kuhesabiwa. Hiyo ndiyo njia wazi zaidi iliyopo kwa sasa: kuandaa, kupata pointi nyumbani, kuongeza kura, kisha kwenda kwenye mkutano mkuu ukiwa na sauti zaidi ya moja. Dar es Salaam, lilikoanzia shirikisho la bara, ina kumbi. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua ya maombi.